Kigabiro cha Mururu

Butare, 4 Februari 1979

Maman mpenzi,

Habari za nyumbani? Kifua kimetulia? Mimi ni salama. Profesa wetu anakusanya maneno ya misitu, nami nimepewa “kigabiro”. Ile miti mikubwa juu ya migomba yetu, nani aliipanda? Neno lenyewe limetoka wapi? Niandikie yote.

Mwanao,
Adrien

Mururu, 20 Februari 1979

Adrien mwanangu, papa yangu,

Hujambo? Huku kifua kilikuwa kinabana, lakini nilipowasomea kina mama barua yako kikapona. Nyirabagenzi akasema, “Profesa mzima anamuuliza muuza ndizi?” Nikamwambia, “Ndiyo, na wewe hakukuuliza.”

Sasa andika. Hakuna aliyeipanda. Zamani chifu alijenga hapa, akazungushia ua wa vijiti vibichi vya mivumu. Alipohama, vijiti vikashika mizizi, vikawa msitu. Ndani ya ua ule aligawia watu ng’ombe. Kugawa huko Wanyarwanda wanaita kugaba, ndiyo ikawa kigabiro. Halikatwi hata tawi. Babu yako Nzabonimpa aliachwa awe mlinzi, akaambiwa alime pale chini. Shamba si letu la kununua, lakini nani atatutoa? Mwambie profesa ni mimi niliyesema.

Maman yako,
Bernadette

Butare, 11 Novemba 1979

Maman,

Uko mzima? Kitabu kimetoka. Uko ukurasa wa tisa, maneno yako yote kama ulivyoyaandika. Kimoja nimekipeleka komini, kwa wakubwa wa serikali ya huko, wakujue.

Mwanao,
Adrien

Kamembe, 2 Machi 1980

Adrien,

Natumaini hujaugua. Mimi kifua kimerudi, nalala kwa Nzigire, rafiki yangu wa sokoni.

Watu wa komini walikuja na kitabu. Wakanisomea ukurasa wa tisa polepole, kama kwa mtoto wa katekisimu: mlinzi, si mwenye shamba. Nikasema tumelima pale miaka arobaini. Wakajibu, “Maman, umeandika mwenyewe, tena vizuri.” Migomba wameshang’oa. Mivumu wanapasua mbao.

Kabla ya hayo, mmoja wao, muntu mwenye huruma, alinivuta pembeni. “Sema mwanao aliyabuni. Karatasi hii ya kukutoa shambani itachanika, utabaki kwako.” Majirani wote wamesimama, Nyirabagenzi mbele kabisa, wanangoja niseme.

Niseme Adrien wangu ni mwongo, yeye pekee wa mlima huu aliyefika Butare?

Nikaomba kalamu, nikaitia sahihi karatasi yao.

Maman yako