Magoti yangu na ya mama mkwe

Shoga, uko wapi? Leo nimeaibika mpaka basi!

Si nimempeleka mama mkwe kwa daktari wa mifupa? Njia nzima ananisema: ngazi za nyumba yangu ndizo zilizomharibu goti.

Daktari kaangalia picha, kasema gegedu, lile tabaka laini linalozuia mifupa isisagane, limelika. Na mfupa wa chini yake nao umekakamaa, umeota vinundu pembeni. "Hivi viwili hubadilika pamoja, mama. Kimoja kikiharibika, kingine hakisalimiki."

Mama mkwe kanigeukia. "Umesikia? Ngazi!"

Nikainuka kwa hasira nijitetee. Goti likaalika KO! Shoga, chumba kizima kimesikia!

Daktari: "Na wewe kapige picha."

Nimepiga. Langu limechakaa kuliko lake. Kuliko la MAMA MKWE! Mwenye wajukuu tisa!

Palepale kampigia mume wangu simu: "Mwanangu, tafuta nyumba ya chini. Mkeo amezeeka."

Miaka yote namwomba tuhame ananiambia nadeka. Leo kajibu nini? "Sawa, mama."

Nacheka huku nalia. Jumamosi tunahama!