Aliisoma Vizuri Kabisa

Jumatatu, 3 Juni
Somo la kwanza kiwandani. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na minne, nikastaafu, na leo nimeshika chaki tena – safari hii Kiingereza cha mashine. Wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima, wachemsha sabuni. Walizoea matangi ya wazi, yale ya kukoroga na kuchungulia. Sasa yameletwa mapya: yamefungwa kwa skrubu, mvuke ndani, na kioo cha kompyuta kinachotoa maagizo kwa Kiingereza tu. Maagizo kumi na mawili. Afisa usalama anataka kila mtu aweze kuyasoma kwa sauti mbele ya mkaguzi baada ya wiki mbili. Nikamuuliza: kusoma, au kuelewa? Akacheka. "Mzee wangu, mkaguzi ana masikio, hana eksirei."

Mlangoni kabandika karatasi: humu darasani Kiswahili marufuku. Sikubisha. Hata shuleni tulikuwa na karatasi kama hiyo.

Jumatano, 12 Juni
Mmoja wao amewazidi wote. Wanamwita Redio. Shule aliiacha mapema, lakini sikio lake! Natamka sentensi mara moja, anairudisha yote, na mapumziko yangu yakiwa palepale. Wenzake hoi kwa kicheko. "Redio, tupe na hali ya hewa!"

Leo agizo la saba: kifuniko kisifunguliwe mpaka mshale wa shinikizo ufike sifuri. Nilichora birika. Nikaeleza kwamba mvuke ukikosa pa kutokea husukuma kila upande. Nikaeleza tena, na tena – mke wangu husema mimi hueleza mpaka chai inapoa. Yote kwa Kiingereza, kama karatasi inavyotaka. Mwisho nikauliza: mmeelewa? "Tumeelewa, mwalimu!" Wote kwa pamoja, kama kiitikio. Swali? Hakuna.

Wengine walipotoka, Redio alibaki mlangoni. "Mwalimu…" Nikasubiri. Akatazama lile birika ubaoni. "Basi. Asante kwa somo."

Jumatano, 19 Juni
Mtihani. Wote wamefaulu. Mkaguzi kampigia Redio makofi! Afisa akaniletea fomu: majina kumi na moja, na mbele ya kila jina "amefundishwa, ameelewa". Nikatia saini zote. Sikusita. Naandika hili ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilisita.

Jumanne, 25 Juni
Redio ameungua.

Asubuhi, tangi namba mbili. Alifungua kifuniko mvuke ukiwa bado ndani. Uso, shingo, mikono yote miwili.

Mwenzake wa zamu alikuja nyumbani kuniambia. Sabuni imemkaukia viatuni. Hakutaka kukaa. Anasema king'ora kililia, kioo kikawaka. Redio akasimama mbele ya kile kioo, akasoma sentensi ya agizo la saba kwa sauti mpaka nukta. Kisha akafungua.

"Aliisoma vizuri kabisa, mwalimu. Kama wewe."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ananifariji. Nikamuuliza: na wewe ulijua maneno yale yanasema nini? Akainamisha kichwa.

"Mimi nilijua kwamba yeye anajua."

Mke wangu aliingia jikoni, hakutoka tena.

Jumatano, 26 Juni
Nimeitwa ofisini. Afisa ana fomu yangu mezani. Anasema mambo yako wazi: mtu kafundishwa, kaelewa, kakaidi. Uzembe wake mwenyewe. Ikiandikwa hivyo, kiwanda hakitamtibu, na kazi ndiyo basi. Nikamwambia nitaandika barua: niliposaini sikujua kama wameelewa. Hakukasirika hata kidogo. "Andika, mzee. Lakini Ijumaa tutamuuliza mwenyewe. Akisema alielewa, barua yako itakuwa ya nini?"

Nyumbani mke wangu ameniuliza: "Yaani uliogopa karatasi ya mlangoni? Kwa umri huu?" Afadhali ningekuwa nimeogopa. Niliona ni sawa! Miaka yote ile watoto walinikariria kanuni za gesi kwa lugha wasiyoijua, nami nikawapa maksi. Waliokariri niliwaita wenye akili. Waliouliza niliwaita wazito. Mficha uchi hazai, tunawaambia – kisha tunamwaibisha kila anayefunua.

Ijumaa, 28 Juni
Hospitali. Naandika kwenye benchi la kibarazani.

Niliwahi kufika kabla ya afisa. Redio kafungwa bandeji, yameachwa macho na midomo. Mkewe alinipisha kiti. Nikainama: mwanangu, wakikuuliza, sema hukuelewa. Ndiyo kweli, na ndiyo itakayokutibu.

"Nitasemaje hivyo, mwalimu? Ulijitahidi sana."

Nikamwomba aniambie agizo la saba linasema nini. Kwa Kiswahili. Akalisoma kwa Kiingereza, polepole, midomo inampasuka, bila kosa hata moja. Nikasema: sasa maana yake. Macho yake yakawa usoni pangu, yanatafuta jibu lipi litanipendeza. Nikamwambia: ukisema hukuelewa, aibu ni yangu, si yako. Akasema, "Ndiyo maana, mwalimu."

Mkewe alilipuka. "Aibu! Wewe unaogopa aibu ya watu, wanao wale hiyo aibu?" Kisha akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Baba, mwamrishe. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Kabla sijajibu afisa akaingia. Shikamoo mzee, kwa adabu zote. Akasema mahojiano ni ya mgonjwa peke yake. Muuguzi akatutoa.

Mlango una kioo. Namwona afisa amevuta kile kiti, karatasi gotini. Anauliza. Hatusikii. Mkewe ameegemeza paji la uso kiooni. Sasa Redio amegeuza kichwa, kwa shida, ananitafuta. Nimesimama. Nimemtikisia kichwa – hapana, mwanangu, hapana, sema hapana! Ameniona. Naye, kwa heshima ileile, ameinamisha chake: ndiyo, mwalimu.

Afisa anaandika. Mkewe ameshika kitasa, ananiuliza, "Amesema nini?"