Usikipakie Kigari cha Pili

Keko Magurumbasi,
Temeke, Dar es Salaam.
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Mohammed,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba joto la Maskati limeanza kuwaonea huruma. Mgongo wako je? Mara ya mwisho uliniambia unalalia ubao. Punguza wali wa usiku, maana tumbo hilo ndilo linalouvuta mgongo, na ukitaka kubisha kabishane na daktari wako.

Sisi huku tupo, kwa kiasi tunachoweza. Presha ya Mama inapanda na kushuka, siku hizi anasali amekaa. Kila simu ikilia anauliza kama ni wewe, hata ikiwa ni mtu wa luku. Mvua za vuli zimeanza na njia ya kwenda dukani imeshakuwa tope.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati tunatumiana sauti kila siku. Lakini simu yangu ni ya nyumba nzima. Ukipiga, Mama anataka sauti iwekwe juu, Aiman wangu anakaa miguuni pangu, na jirani yangu Gulbahar anasogeza kiti dirishani. Nina neno ambalo siwezi kulisema mbele yao, wala sitaweza kulisema huku nikisikia unavyopumua. Burhan, mtoto wa Gulbahar, anakuja huko kuchukua mali ya duka lao, basi nimempa yeye aulete mzigo huu. Bahasha nimeibandika gundi mara mbili kwa kuwa mama yake namjua.

Isome ukiwa peke yako, umekaa, na uisome mpaka mwisho kabla hujanyanyua simu.

Juzi mdogo wetu Khulud alikuja kutoka Kawe na wale pacha wake. Tangu msiba wetu sijamwona na uso wa furaha kama ule. Akasema umempatia nafasi kwenye kontena, na kile kigari cha pili cha kufungwa ubavuni mwa pikipiki, chekundu, mwenzake wa kile ulichowaletea wanangu, kinapakiwa mwisho wa mwezi huu. Akaniambia, "Dada, mie nimechoka kuwapakia wanangu mshikaki kwenye bodaboda, watatu na dereva wanne, naenda kazini roho mkononi. Kaka kanionea huruma. Nitakuwa naendesha mwenyewe, taratibu."

Nikamwambia asikichukue. Akaniuliza kwa nini. Mohammed, nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza, nikasema tu kwamba moyo wangu hautaki. Akasema, "Sawa, dada, lakini usitake na wangu wasipande kwa sababu wako..." Hapo akajishika mdomo. Alilia yeye kabla yangu, akawachukua watoto wake akaondoka na chai iko mezani.

Kwa hiyo nakuandikia jibu ambalo sikumpa yeye.

Unakumbuka kigari kilivyopokewa. Ulikiona kwenye video, lakini video haikuonyesha yote. Mafundi wa vitanda waliacha randa zao wakaja kukizunguka, wakakiita "nusu bajaji". Nasser naye, unajua shemeji yako hawezi kuona kitu kigumu bila kukiwekea sponji. Alichukua sponji nene kabisa kwenye duka letu la sponji, akakishonea kiti kama sofa la bibi harusi, kitambaa cha maua ya zambarau alichochagua mwanangu Maisa mwenyewe. Watu walikuwa wakisema watoto wa Nasser wanakwenda shule wamekaa sebuleni. Na mimi nilijisikia, sikufichi. Nilikuwa nikisimama mlangoni mpaka wapotee.

Tulidhani tumepata salama. Watoto wa mtaa wanapakiwa watatu watatu nyuma ya bodaboda, wa mbele kakalia tangi, na wangu wawili wana baba yao, mmoja kakaa nyuma yake na mmoja kwenye kiti cha kigari. Nani angeniambia kwamba hiki ndicho cha kuogopa?

Siku ya kukifunga, Fransis, yule fundi wa kuchomelea anayefanyia kazi nyuma ya duka letu, aliuliza, "Mzee Nasser, kikae kulia au kushoto?" Aliuliza kama fundi cherehani anavyouliza mfuko ukae wapi, hakuwa na maana nyingine. Vyuma vya kufungia vilikuwa vimetengenezwa kukaa kulia kwa pikipiki, na kuvihamisha ilikuwa lazima avikate. Nasser akakupigia. Ukasema tusiguse kitu, hicho ni ogino, kifungwe kama kilivyotoka kiwandani.

Na sisi unatujua. Kitu kikitoka Maskati tunakitunza na makaratasi yake. Runinga ya Mama ina nailoni mpaka leo, na kama sikosei uliileta ukiwa bado hujaoa. Sasa kweli Nasser aichukue zawadi ya shemeji yake akaikate kwa msumeno wa Keko? Aliona ni kukuvunjia adabu. Kikafungwa kulia.

Ndugu yangu, ni hapo.

Kwenu magari yanapita kulia. Kigari kikikaa kulia kwa pikipiki, kinakuwa pembezoni, upande wa ukuta na waendao kwa miguu, na mwendeshaji anakuwa katikati akiona njia. Huku kwetu tunapita kushoto. Kigari kile kile, kikikaa kulia vile vile, kinakuwa katikati ya barabara, upande wa magari yanayokuja. Tulichukua kiti cha mtoto tukakipanga uso kwa uso na magari, tukakiwekea na maua.

Na hakuna aliyeona. Si mimi, si Nasser, si mafundi wote waliokizunguka, si Mama aliyekisomea dua. Kila mtu alikuwa anatazama uzuri wake.

Asubuhi ile ya ajali mbele yao kulikuwa na mkokoteni umebeba makabati, yamepangwa juu kupita kimo cha mtu. Ni mikokoteni ya hapa hapa kwetu, Nasser ameipita maisha yake yote kwa pikipiki tupu. Alitaka kuchungulia kama kuna kitu kinakuja. Lakini ili macho yake yapite lile kabati, ilibidi kigari kitangulie kutoka. Mwanangu alitokea barabarani kabla ya macho ya baba yake.

Ile pikapu iliyowagonga haikuhama upande wake, Mohammed. Tulikuambia imehama. Sisi ndio tuliohamia kwake. Dereva ni kijana anaitwa Alfonsi, hakuwa amelewa, wala hakuwa anakimbiza. Wewe ulimlaani kwenye simu, na Mama akaitikia amina, na mimi nilikaa pale nikanyamaza. Alikuja msibani akakaa nje na wanaume, hakugusa chakula. Naomba ile laana uiondoe.

Mengine pia tulikuficha. Kigari chako kilikuja na mkanda wa kumfunga mtoto. Mkanda ulikuwepo, mzuri, na kifungio chake. Nasser alipoweka sponji ukabaki chini ya kiti, haukufika juu tena, naye akaona sponji inatosha kumshika. Tuliogopa kukata chuma chako lakini mkanda tukaushonea ndani. Na helmeti aliyovaa Maisa ilikuwa ya zamani ya baba yake, imejazwa vipande vya sponji ili isimcheze kichwani. Ilitoka yenyewe. Iliokotwa upande wa pili wa barabara.

Kituoni tulimkuta trafiki mmoja mwanamama, Afande Herieth, mtu mzima, mpole. Alisoma kadi ya pikipiki, akatoka nje, akakitazama kile kigari, akarudi. Akatuambia kadi imeandikwa magurudumu mawili na chombo chetu kina matatu, kwa hiyo barabarani tulikuwa na chombo ambacho hakijulikani, na bima inafuata kadi. Akasema, "Mama, mimi sina cha kukulaumu leo, una msiba. Lakini chombo kikibadilishwa kinapelekwa kukaguliwa kwanza, ndipo kinapakia mtu, sembuse mtoto. Mkaguzi angekiona kimekaa upande gani kabla hajaona kitu kingine." Halafu akainama akaandika, na mimi nikaenda kumtafuta mtu wa kunishika mkono.

Sisi sheria tulidhani ni za kukamatana barabarani. Nasser alikuwa na leseni, na helmeti yake, hanywi, hakimbizi, tukaona tumemaliza. Hatukujua kwamba ule ukaguzi tuliouita usumbufu ndio ungekuwa jicho la mwisho la mtu mwingine kabla ya ile pikapu.

Nasser alipoulizwa nani aliagiza kifungwe kulia, alijibu, "Mimi." Tulipotoka pale aliniapisha, nisikuambie wewe wala mtu yeyote wa kwetu. Alisema, "Wahiba, mie nimeshakufa na hili. Usimuue na nduguyo." Kesi yake bado inaitwa na kuahirishwa. Duka anafungua akikumbuka, na sponji nene hauzi tena. Mteja akiuliza anamwelekeza duka la jirani.

Leo nakivunja kiapo hicho na yeye hajui. Nimevumilia mpaka arubaini ikapita. Nilikusikia kwenye simu unavyomwombea dua mwanangu, nikasema heri nife na siri hii. Lakini sikujua kwamba kile kigari kingine bado unacho. Kumwambia Khulud kwanza sikuweza, maana Khulud na siri ni maji na chujio, ungelipata jambo hili kwake kabla ya adhuhuri, limeongezwa chumvi. Nimeona bora ulipate kwangu.

Utataka kujua kama nakulaumu. Nilikulaumu, nisikudanganye. Kuna siku nilishika simu nikupigie nikutukane mpaka sauti iishe. Nikamlaumu Nasser, nikamlaumu Fransis, nikamlaumu na fundi wa Kihindi au wa Kichina aliyekitengeneza kiwandani ambaye hata simjui. Nikajilaumu mimi niliyekuwa nasimama mlangoni kila asubuhi nikitazama, na jicho langu halikuona. Sasa nimechoka. Wewe ulimpenda Maisa, ukampelekea kitu kizuri kuliko vyote ulivyoviona, na kwenu kilikuwa sawa. Huo ndio ukweli wote, na haunisaidii kulala.

Kesho ukitoka kazini simama kidogo pembeni ya barabara yenu. Tazama gari linavyokupita, kisha ligeuze kichwani mwako lipite upande mwingine, na mtoto umwache pale pale alipo. Ukishaliona hutahitaji maneno yangu.

Tafadhali usiniambie kwamba hiki cha pili kitakatwa na kuhamishiwa kushoto. Pengine inawezekana, pengine mkaguzi angekikubali na kadi ikabadilishwa, mimi si fundi wala si askari. Lakini Khulud hatakipeleka kwa mkaguzi. Atakipeleka kwa fundi wa jirani, ataambiwa kikae kama kilivyokuja, na yeye atakishonea maua. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi.

Ninachokuomba ni kimoja. Kishushe kabla kontena halijafungwa, kisha mpigie Khulud wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, umweleze sababu yote, pamoja na ile simu ya ogino. Mimi nikimwambia ataona ni kijicho cha mama aliyefiwa. Wewe atakuamini. Atakasirika, atalia, atakununia mpaka Ramadhani, na pacha wake watakuwa hai. Usinipigie kuniomba radhi kabla hujampigia yeye. Radhi yako nimeshaitoa, ipo, haiozi.

Msalimie mkeo na umbusu kila mtoto kwa ajili yangu. Mama anakuombea kila sala, yeye usimwambie lolote, achia hapo hapo. Nasser angekusalimu kama angejua naandika. Gulbahar naye anakusalimu, na akikuuliza Burhan barua ilikuwa ya nini, mwambie ni habari za ukoo.

Aiman anakusalimu sana mjomba wake. Bega lake limeunga, anakwenda shule kwa miguu, nampeleka mwenyewe. Jana tuko njiani akaniuliza kwa mjomba magari yanapita upande gani. Nikamwambia yanapita kulia. Tulipofika geti la shule akasema, "Kumbe huko Maisa angekaa upande wa ukutani."

Mwenyezi Mungu akulindie wote uliowazaa, akupe na moyo wa kuibeba barua hii.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,

Wahiba