Nakala ya Metrine

Jumamosi, 23 Januari 2016
Malaz, Riyadh. Metrine amepiga simu kutoka Jeddah, anakofanya kazi ya yaya. Madam wake amekubali! Ijumaa watoto wa nyumba yao, Al-Safa, watachezewa mchezo wangu wa vikaragosi wa Kifaransa. Nimealikwa. Nimekata tiketi ya ndege papo hapo — umri huu!

Mchezo ni mfupi. Fundi viatu anamwomba mwenye nyumba azibe paa linalovuja. Mwenye nyumba kila siku: kesho. Mwisho fimbo inaongea. Niliunakili kwa mkono kutoka kwa Sista Mfaransa aliyenifundisha lugha. Naye aliunakili kutoka kwa mchezaji vikaragosi wa kwao. Tafsiri yangu ya Kiswahili nimeisahihisha tena na tena. Haina doa.

Jumatano, 27 Januari
Metrine bado hajapewa ruhusa ya kwenda Kakamega, harusini kwa dada yake. Aliahidiwa tangu Ramadhani. Kila akimwuliza baba mwenye nyumba, jibu ni lile lile: bukra, yaani kesho. Harusi imekaribia. Nilimwambia avute subira. Akacheka: "Mwalimu, subira yangu imeisha chaji."

Ijumaa, 29 Januari — asubuhi
Nimefikia Al-Hindawiyah, Jeddah, kwa Serah, rafiki wa Metrine, atakayecheza naye. Nikaomba kuona nakala. Lahaula! Serah alinakili yangu, akatia vichekesho vyake. Metrine akanakili ya Serah, akatia vyake. Fundi viatu amekuwa yaya. Paa limekuwa likizo. Mwenye nyumba amekuwa bosi — na hasemi kesho. Anasema bukra!

Nikafoka kwamba huku ni kuharibu kazi ya watu. Serah: "Si hata Sista wako alikopi, Mwalimu?" Kweli, Sista alisema kila mchezaji aliponakili alitia utani wa mtaa wake. Miaka yote nimeuita uzembe.

Nikampigia Metrine: mrudishe mwenye nyumba! "Tulia, Mwalimu. Ni Kiswahili. Baba hajui hata 'maji'."

Jioni, Al-Safa
Naandika nyuma ya pazia, nakala magotini. Kazi yangu ni kuwakumbusha maneno.

Metrine alisahau jambo moja: watoto hawa amewalea yeye. Kiswahili wanakimwaga! Bosi ni soksi yenye ndevu za pamba, mkononi mwa Serah. Aliposema "bukra", watoto waligaragara. Baba akakohoa mlangoni, akaingia. Binti yake mkubwa, Lulwa, akamweleza kwa Kiarabu: huyo ni wewe, baba!

Metrine kaganda, yaya wake wa soksi kaning'inia. Madam kajifunika mdomo kwa mtandio — anacheka!

Baba hakucheka. Akaja nyuma ya pazia, akanyoosha mkono. Serah akampa soksi. Akaivaa. "Yalla, haya," akasema kwa Kiarabu. "Tena."

Basi wameanza tena. Yaya anauliza: Bosi, likizo yangu ni lini? Sauti ya Metrine nyembamba kama uzi. Ndevu za pamba zimeinama, zinafikiri. Watoto wamesogea mbele. Baba ananigeukia, ananong'ona kwa Kiarabu: hapa nasemaje?

Nakala ina neno moja tu hapa.

Nimeifunga.