Mstari Nilioruka

Shangazi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu yeyote: breki ya kaka yako niliiharibu mimi, tena kwa kusoma.

Jumamosi baba alibadilisha mwenyewe pedi za breki za nyuma, hapa uani. Breki ya mkono ya gari letu ni kitufe cha umeme, na lazima uilegeze kwanza. Basi nikakaa kwenye usukani namtafsiria kitabu cha gari, naye yuko chini anatamba kwamba mwanawe ana lugha mbili. Mwishoni nikakuta mstari nisiouelewa. Nikaona haya, nikasema, "Tumemaliza, baba."

Tangu hapo taa ya njano inawaka na breki ya mkono haishiki. Fundi jirani alimcheka: "Mwalimu, rudi kwenye chaki zako!" Baba akacheka pia, ila alifungasha spana zote alizoachiwa na babu, akasema atazigawa.

Leo alipojilaza mchana nilichukua kamusi, nikaingia nayo garini. Mstari ulisema: ukishafunga pedi, kanyaga breki, kisha vuta kitufe mpaka breki ijikaze. Nikakanyaga, nikavuta. Ikanguruma, taa ikazimika. Nusura nipige kigelegele!

Sasa baba ameshaijaribu, anamtambia mama: "Si nilikwambia? Gari lilitaka kupumzika tu!" Spana zimerudi kabatini. Shangazi, nimwambie au nimwachie ushindi wake?

Nasikia ndara zake zinakuja. Anaita, "Mwanangu, hii kamusi imefuata nini kwenye gari?"

Naificha barua chini ya mto.