Chinjachinja Mwenye Adabu

Ghala la Kijiji,
Ubaruku.
Alhamisi, 9 Oktoba 1975

Mpendwa dada Apolonia,

Kamwene, dada. Umeamkaje? Mtoto ameamkaje, na shemeji Saulo naye? Philbert, dereva wa lori la mchele, ameniambia kwamba umejifungua salama, ni msichana, na kwamba mmempa jina la Mama. Niliposikia hivyo nilimfanya airudie habari hiyo mara tatu. Nimefurahi sana, dada. Mimi huku ni mzima wa mwili. Homa sina, chakula naletewa mara mbili kwa siku, na wali wa hapa unaujua mwenyewe ulivyo mtamu. Lililobaki nitalieleza polepole.

Aliyekuletea barua hii mkaribishe ndani kabla hujasoma zaidi. Mpe maji ya kuoga, mpe ugali na mboga yoyote iliyopo, halafu wewe ingia chumbani usome peke yako.

Najua umekasirika. Niliaga kwamba nakwenda Ubaruku kwa wiki mbili za likizo, na sasa ni Oktoba. Shuleni lazima wamekwisha kumpa mtu mwingine darasa langu. Ukweli ni kwamba leo ni siku ya thelathini na nane sijatoka kwenye ghala hili kwenda mbali kuliko choo, na hata chooni nasindikizwa na mgambo mwenye rungu. Mgambo huyo ana adabu, huniuliza nimelalaje.

Ilianza na ile kamera ya sinema aliyoniachia Padre aliporudi kwao, pamoja na projekta iliyo juu ya kabati lako. Magesa unamkumbuka, yule fundi wa Kisukuma aliyepanga chumba chetu cha uani miaka miwili, ambaye Mama alikuwa akimfunikia chakula hata akichelewa. Tangu siku zile Magesa alikuwa akiniambia kwamba sinema tunazoonyeshwa uwanjani, za mbolea na za kunawa mikono, haziwezi kumkosesha mtu usingizi, na kwamba sisi wenyewe tungeweza kutengeneza moja ya kutisha kweli. Alipopata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, alikaa miezi mitatu akiitunga. Akaniandikia nije na kamera.

Dada, hadithi yenyewe ni nzuri, nisiseme uongo. Inaitwa Chinjachinja Mwenye Adabu. Kuna mlinzi wa mashine aliyefariki zamani, naye hufufuka kila mavuno kuchinja watu. Amevaa gunia kichwani lenye matundu mawili, koti refu la mvua na gambuti kubwa kuliko miguu yake. Taabu yake ni kwamba alilelewa vizuri. Hawezi kumchinja mtu kabla hajamsalimia. Basi huanza kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na yule anayechinjwa naye kwa heshima anajibu moja moja, hadi katikati ya habari za ng'ombe anapoliona panga na kutimua mbio. Chinjachinja anamfukuza, gambuti moja linachomoka, anarudi kulichukua. Magesa alipokuwa akiiigiza nyumbani kwake nilicheka hadi mbavu zikauma, na bado usiku niliogopa kwenda nje. Ndivyo alivyotaka, watu wacheke na waogope kwa pumzi moja.

Panga lilikuwa la mbao, tulilibandika karatasi zinazong'aa za pakiti za sigara. Damu ndiyo ilitushinda. Tulijaribu nyanya, ikaonekana nyanya. Tulijaribu rangi ya kusukia mikeka, ikamwasha mtu macho. Mwishowe Magesa akaomba damu ya mbuzi kwa jamaa zake wafugaji, wakamjazia chupa mbili.

Waigizaji walikuwa makuli wawili wa kufa na msichana mmoja wa kupiga kelele, Nyamizi, binti wa wafugaji waliohamia bondeni kutoka Shinyanga. Tulianza asubuhi nyuma ya mashine. Makuli walikufa vizuri mno. Nyamizi ndiye alikuwa akipiga kelele za aibu, za mtu aliyemwona mjusi, na mimi, kwa kujifanya bwana sinema mkubwa, nikamwambia alie kama wanavyolia kwao mtu anapochinjwa kweli. Magesa angenizuia, lakini alikuwa ndani ya gunia hasikii.

Nyamizi alivuta pumzi akapiga mwano. Huo ni ukelele wa hatari wa kwao, dada, na sikuujua. Haupigwi kwa mchezo. Anayeusikia huacha jembe, huacha chakula mdomoni, hushika silaha na kukimbilia unakotoka, na akisikia mwenzake naye huupokea na kuupeleka mbele. Nilisikia ukijibiwa ng'ambo ya mfereji, kisha mbali zaidi, kisha pande zote. Makuli wetu waliokufa walifufuka wakakimbia, na hadi leo wanaapa hawatujui. Nyamizi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini ukelele ulikuwa umekwisha kwenda.

Watu waliofika hawakuhesabika. Walichokiona ni hiki: binti analia, mwanamume ana gunia usoni na panga mkononi, mgeni kutoka Iringa ana mashine yenye jicho la kioo, na majanini kuna chupa ya damu mbichi. Mwaka huu wote bonde zima limekuwa likisema kuna chinjachinja wanaouza damu za watu. Na juu ya hayo Yotamu, mlinzi wa mashine hii hii, mlinzi wa kweli, alikuwa ametoweka wiki nzima. Aliaga anakwenda Uyole kununua mbegu, hajaonekana hata sasa.

Sitakuandikia walivyotupiga. Magesa ana jino moja pungufu na mimi kidole changu cha mwisho kimepona vibaya. Aliyetuokoa ni Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bujiku, aliyesimama mlangoni mwa ghala akasema atakayetaka kutuua aanze na yeye. Nyamizi alieleza kwamba ulikuwa mchezo tu. Wakasema amelishwa dawa, na baba yake akamrudisha kwenye maboma ya ng'ombe. Askari walikuja kutoka bomani wakaandika, wakasema watatuchukua, watu wakalala chini mbele ya gari lao. Hapo Mzee Bujiku akatoa shauri ambalo wote walilikubali. Alisema kama ni sinema kweli, basi imo ndani ya mashine. Filamu ipelekwe Nairobi ikasafishwe, irudi, na kijiji kizima kiione. Ikionekana Magesa anasalimia watu na kuchomokwa na gambuti, twende zetu. Isipoonekana, yeye ataondoka pale mlangoni awaachie watufanye watakavyo.

Magesa alishangilia hadi damu ikamtoka tena mdomoni. Mimi nilikaa chini.

Tangu hapo tunangoja. Ghala hili lina mlango mmoja wa bati, na usicheke, komeo liko upande wetu. Sisi ndio tunaofunga. Mzee Bujiku alituambia waziwazi kwamba hakutufunga, ila tukitoka hatutafika barabara kuu. Joto la humu likizidi mchana pumba hupanda hadi kwenye kope. Nimehesabu magunia, nimehesabu mabati, nimehesabu misumari ya mabati. Ninaota ndoto moja kila siku, niko Ipogolo nakunywa chai uani, na katika ndoto hiyo pia siwezi kuinuka kwenye kigoda.

Magesa hayuko hivyo. Amewaigizia wale mgambo sinema yote tangu mwanzo, nao sasa wanasubiri kwa hamu kuliko sisi. Mmoja wao hutufungulia macho asubuhi kwa kuuliza habari za ng'ombe kwa sauti ya chinjachinja. Wanaogopa na wanacheka. Magesa ananiambia kila siku kwamba hakuna mtengeneza sinema duniani aliyewahi kungojwa na watazamaji hivi.

Kifurushi kilifika posta ya Mbeya juzi. Mzee Bujiku amekifungia sandukuni kwake bila kukifungua, na ameapa kitafunguliwa Jumamosi mbele ya watu wote. Mashine ya kukoboa ina jenereta, shuka limepatikana, na Philbert ametumwa kuja kwako kuchukua projekta.

Sasa, dada, nimefika mahali nilipokuwa nikipakwepa tangu salamu.

Unakumbuka baada ya kumzika Mama uliniuliza picha zile ziko wapi, za Jumapili ile ya Januari, na nikakujibu filamu iliungua kwa jua. Nilikudanganya. Padre aliniachia kasha moja tu la filamu, la dakika tatu, na zote tatu nilimpiga picha Mama. Kasha lilikuwa limekwisha, linangoja kupelekwa kusafishwa. Mama alipofariki Februari nikashindwa kulitoa kwenye kamera. Niliogopa likipotea njiani nitakuwa nimempoteza mara mbili. Tena, nikisema kweli yote, niliona kwamba alimradi yumo mle ndani, bado. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Magesa aliponiita nilikusudia kupata filamu mpya njiani. Mbeya mjini hakuna duka lililokuwa nayo. Nilifika hapa nikakuta ameshona gunia, amechonga panga, amewafundisha makuli kufa, na amemwambia kila mtu kwamba rafiki yake mwalimu analeta sinema. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema nitamwambia jioni. Kamera ile hata filamu ikiisha mota yake huendelea kunguruma, na ilinguruma vizuri sana. Nilimpiga picha Magesa asubuhi nzima kwa mashine isiyoshika kitu, huku nikimwambia arudie, asogee kwenye mwanga. Hakuna chinjachinja kwenye filamu ile, dada. Hakuna gambuti, hakuna Nyamizi. Kuna Mama anapepeta mchele.

Nimekaa naye siku thelathini na nane humu sijamwambia. Amenigawia blanketi, na nimeshindwa. Jana Philbert alininong'oneza kwamba anaweza kumficha mtu mmoja katikati ya magunia, mmoja tu, na kwamba ananichagua mimi kwa kuwa kwetu ni kumoja. Nikamwambia Magesa. Hakufikiri hata kidogo. Alisema niende, kwamba yeye haogopi kwa sababu filamu itamsafisha, na kwamba Mama alimlisha miaka miwili bila kumuuliza kabila lake.

Basi nimefanya uongo wa mwisho, na huu siujutii. Nimemwambia projekta ina balbu moja nyembamba, ikivunjika njiani hakuna sinema, na Philbert hawezi kuendesha lori na kuipakata. Anatakiwa fundi wa kuipakata toka Ipogolo hadi hapa. Amekubali kwa ajili ya sinema yake. Saa sita mgambo wakienda kula, lori linapakiwa. Makuli wa hapa hujifunika gunia kichwani pumba zisiwawashe shingo, na hakuna anayewatazama usoni. Magesa atatoka na gunia lake lile lile lenye matundu mawili, ameligeuza nyuma mbele, na mzigo juu. Sasa hivi analijaribu huku akicheka.

Ndiyo maana anayeoga nyumbani kwako ni Magesa, dada, wala si mimi.

Usimwache arudi. Ficha viatu vyake, mwite shemeji Saulo, mfungie ikibidi. Akishashiba mwambie yote niliyoandika, kwa kinywa chako, kwa kuwa mimi nimeshindwa. Atanichukia, na ana haki. Projekta mpe Philbert aje nayo peke yake, na balbu uizungushie ile kanga ya Mama. Usiizuie ukidhani unaniokoa. Wameahidiwa sinema, na wakiikosa kabisa itakuwa mbaya zaidi. Kabla taa haijawashwa nitasimama niwaambie kwamba mwenye kosa ni mimi, kwamba Magesa aliigiza mbele ya mashine tupu bila kujua, na aliyemtuma Nyamizi kupiga mwano ni mimi. Mzee Bujiku nadhani atanisikiliza. Wengine sijui. Yotamu bado hajarudi.

Naogopa, Apolonia. Nimeandika neno hilo nikalitazama, ni kweli.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wewe hutakuwepo. Uko uzazini, huwezi kusafiri, na Mama ataonekana ukutani mwa mashine ya mpunga mbele ya watu wasiomjua. Nitakuangalizia. Anatokea upande wa kushoto, ana ungo. Wewe uko nyuma yake unamfukuza yule kuku. Anageuka, ananiona, ananitishia kwa ungo, mchele unamwagika, anacheka. Filamu haina sauti lakini wewe ulimsikia. Alisema, haya, mmeniingiza humo, sasa mtanitoa lini?

Jumamosi, dada. Atatoka Jumamosi, saa moja jioni.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na usimwite kwa jina la Mama ukiwa umemkasirikia. Msalimie shemeji, wasalimie majirani wote wa Ipogolo, na yeyote atakayeuliza mwambie mwalimu yuko Ubaruku anaonyesha sinema.

Ndimi mdogo wako,
Edmund Kalinga