Mti wa Krismasi Upi?

Fidelia, salamu nitakupa ukifika. Karatasi hii nampa Filbert, dereva wa lori la magogo ya miwati, anashuka Makambako sasa hivi.

Wifi yangu Oktavia amekunywa chai ya mti wa Krismasi, eti ya kikohozi. Na mimba ile!

Nikamwuliza, "Wifi, mti wa Krismasi upi?"

Akacheka. "Kwani Krismasi ziko ngapi?"

Upi, Fidelia! Hapa Njombe tumeipa miti miwili jina moja. Msonobari wa kanisani una majani marefu kama sindano. Hayo tunayaloweka tu kwenye maji ya moto, na hata hayo mwenye mimba simpi. Nikafunua sufuria. Majani mafupi, yamebanana kama magamba ya samaki. Ameyachuma kwenye uzio wa miti wa mzungu mwenye shamba la miwati, akayachemsha mpaka maji yakawa meusi.

Uzio ule ule. Ng'ombe wa jirani yetu Odilo aliula, akaharibu mimba.

Nimeimwaga yote. Mama akanikemea: "Ida, mtu si ng'ombe!" Huenda ni kweli. Sijui.

Nikamwuliza Oktavia anajisikiaje.

"Vizuri, wifi. Hata mtoto leo ametulia, hanipigi mateke."

Ametulia, Fidelia. Amesema ametulia.

Chukua vifaa vyako vya ukunga, urudi na lori hilo hilo. Odilo alisema ndama yule naye alianza kwa kutulia tumboni.